Milango Miwili ya Chumba Kimoja

Kwanza nikuambie kuhusu kitanda, kwa maana hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Mtu wa Nairobi akihamia chumba kimoja, jambo la kwanza analofanya ni kuinua kitanda. Anatafuta matofali, anayaweka chini ya miguu yote minne, na papo hapo amepata stoo. Masanduku ya nguo, mitungi ya maji, gunia la makaa, viatu vya Krismasi, vyote vinasukumwa huko chini na pazia fupi linafungwa mbele ili mgeni asione. Mume wangu Shem ni seremala wa Gikomba, kwa hiyo chetu hakikuinuliwa kwa matofali. Alikichongea miguu mipya, mirefu kiasi kwamba binti yetu Linet alipokiona alicheka akasema, "Babaa, hii ni kitanda ama ni gorofa?" Mimi nilikishonea pazia la maua, maana kushona mapazia ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tulisimama mlangoni mimi na Shem, tukakitazama, tukajisifu.

Wiki tatu baadaye nilirudi kutoka hospitali nimekatwa titi la kushoto, mkono haupandi kupita kiuno, mpira wa kutolea maji unaning'inia ubavuni, nikasimama mbele ya kitanda kinachonifika kifuani. Nilikitazama. Shem naye alikitazama. Mwezi mzima tulikuwa tumepanga mahali pa mitungi na mahali pa viatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mgonjwa naye atahitaji kupanda kitandani. Nilikaa kwenye kochi na koti langu mwilini huku akikikata miguu kwa msumeno. Katikati ya kukata nilimsikia analia, nikafumba macho nikajifanya nimelala ili amalize kulia kwa nafasi yake.

Naandika haya kwa sababu ya mwanamke mmoja niliyeketi naye kliniki mwezi uliopita. Siku hizi mimi huenda mara moja kwa miezi sita, napapaswa, naambiwa nirudi. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza, kilemba chake bado kimekaa juu ya nywele zake mwenyewe. Wengine huuliza habari za dawa. Yeye aliniuliza, "Dada, wewe ulikuwa unaugulia wapi? Sisi tuko chumba kimoja, watu watano." Nilipofungua mdomo kumjibu niliitwa jina langu, na nilipotoka hakuwapo tena. Jibu lenyewe ni refu, na sehemu kubwa yake ni habari za mama yangu.

Tulikuwa tunakaa Umoja. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni yenye sinki. Uvimbe ulianza kama punje ya njugu, nikaubembeleza mwaka mzima kwa maombi na kwa kutouangalia, na siku ilipobidi uangaliwe, matibabu yalimeza nyumba. Tulihamia Huruma mwezi wa kwanza, siku chache kabla Linet hajaenda bweni kuanza kidato cha kwanza. Ni gorofa ya pili, chumba kimoja kwenye korido ya vyumba kumi. Choo na bafu viko mwisho wa korido, mfereji uko chini uani. Chumba kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, vyote viwili vinatazama koridoni.

Nilihama na kila kitu. Seti ya kochi ya watu saba, meza ya kioo, kabati kubwa alilolichonga Shem tulipooana, na vitambaa vyangu vyote vya kufuma. Nilisema fundi wa mapazia na seremala hawawezi kuonekana wanaishi kama watu waliofurushwa. Basi ukitaka kufika kitandani ulipita ubavu ubavu kati ya kochi na kabati, na mtu akiinama kuwasha jiko, makalio yake yalikuwa juu ya meza ya kioo. Shem alijaribu kuniambia. Nilimwambia hajui mambo ya nyumba.

Ugonjwa ulitoa vile vitu kimoja kimoja. Kochi kubwa lilitoka siku ya pili baada ya kitanda kukatwa, kwa sababu nililigonga na kidonda nikaona giza. Meza ikafuata. Jiko la mafuta ya taa lilihamia koridoni nilipoanza dawa ya mshipa, kwa maana harufu yake ilinitapisha kabla sijatia chochote mdomoni. Tuligeuza kitanda ili mkono wangu mzima uwe upande wa nje na ule mbovu uwe ukutani. Hilo nakuomba ulishike, kwa sababu sisi tulikaa wiki mbili bila kulijua na kila nikitaka maji ilibidi nimwamshe mtu. Shem alipigilia kamba nene kwenye boriti juu ya kitanda nikawa najivuta nayo kuketi. Vyombo vilipanda ukutani kwenye misumari. Ndoo yenye kifuniko ilikaa nyuma ya pazia refu tulilolitundika mbele ya kitanda, na kwa ndoo hiyo niliona haya kuliko kwa kidonda.

Lakini kamba na misumari havimwogeshi mtu. Shem alikuwa anatoka alfajiri kwenda Gikomba, maana asipopiga randa hatuli. Nilimwandikia mama barua. Niliandika mistari miwili tu, nikampa kondakta wa basi la Luanda aifikishe sokoni kwao.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Sisi ni Wanyore, na kwetu mama wa mke na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mkono. Hawali pamoja. Mama hakanyagi chumba anacholala mkwe, na kulala naye nyumba moja ni jambo lisilosemwa hata kwa mzaha. Nyumbani boma ni pana, kuna jikoni ya nje, kuna nyumba ya watoto, heshima ina mahali pa kukaa. Huruma sebule ndiyo chumba cha kulala, na chumba cha kulala ndicho jikoni. Nilimhitaji mama kuliko nilivyohitaji dawa, nasema bila aibu, na katika chumba kile hapakuwa na futi hata moja ambapo angelaza kichwa bila kuvunja heshima yake.

Alifika siku ya tatu akiwa na kikapu na mfuko mdogo wa wimbi. Barua ilimkuta akitoka kwa dada yake kuchukua mbegu ya kupanda, akapanda basi nayo hivyo hivyo. Alidhani atakaa wiki mbili kisha awahi mvua ya masika. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kiko hapa, mama. Kila kitu kiko hapa."

"Basi funga hilo pazia nisikione."

Wiki nzima ya kwanza mama alinilisha kwa mkono uliopenya pazia. Niliona vidole na kijiko. Uji ulikuja, bakuli likarudi, na kutoka upande wa pili sauti yake ikaniuliza kama nimemaliza kweli au nimemwaga kwenye ndoo. Kisha siku moja dawa ilinishika vibaya, nikaanguka kati ya kitanda na ukuta, na pazia likafunguka. Aliniinua, akaniosha, akabadilisha shuka, akanisafisha kidonda ambacho mimi mwenyewe nilikuwa bado sijathubutu kukitazama. Alipomaliza alikaa sakafuni akavuta pumzi kwa muda mrefu. "Mungu atanisamehe," alisema, "na Shem asijue." Tangu hapo akawa anaingia, lakini kwa macho yaliyoinamishwa, kama mtu aliyeingia kanisa la wenyewe.

Kulala alilala kwa shangazi yangu, Kariobangi. Kila siku alikuja kwa miguu baada ya Shem kutoka na akaondoka kabla hajarudi. Shem naye, ili asimharakishe, akawa anachelewa kurudi makusudi, anazungukazunguka Gikomba akisaidia watu kubeba mbao zisizo zake. Kwa hiyo kulikuwa na saa mbili kila jioni ambapo wote wawili walikuwa wanatembea barabarani kwa kuheshimiana, na mimi niko peke yangu na ndoo. Niliwachukia wote wawili kwa zamu. Siku moja nilimwambia Shem kwamba akinipenda angelala huko huko kwenye mbao zake nipate mama yangu. Asubuhi nilikuta amenichemshia maji ya kuoga na ameyafunika kwa taulo.

Dawa ya mshipa ilikuwa kila baada ya wiki tatu, mara sita. Mimi na mama tulizijua benchi za hospitali ile kama watu wanavyojua viti vyao kanisani. Tulijua iliyovunjika ubao, tulijua ile iliyo karibu na dirisha ambapo jua hufika saa nne. Tulikwenda na pamba yetu, na sindano yetu, na glavu zetu. Mama alibeba kikapu, na faili langu alilikumbatia kifuani. Nywele zangu zilitoka baada ya dawa ya pili, asubuhi moja tu, zikabaki kwenye mto. Alizikusanya zote akazifunga kwenye karatasi. Alisema hazitupwi ovyo ovyo mjini. Sikumwuliza alizipeleka wapi.

Na titi pia alilishughulikia yeye. Nilikuwa nimejishonea la bandia kwa vipande vya pazia, lakini lilikuwa jepesi, bega la kushoto likapanda na blauzi ikakaa upande. Mama alinitazama nikijaribu kuivaa siku ya Jumapili. Akachukua ule mfuko wa mbegu, akapasua mshono wa titi langu la vitambaa kwa meno, akamimina wimbi ndani mpaka uzito ukalingana, kisha akaniambia nishone. "Sasa bega limetulia," alisema. Masika ilikuwa imekwisha kuanza na wote tulijua kwamba hatarudi kupanda. Shamba lake lilikaa bila wimbi mwaka ule.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Hapo ndipo yalipotokea mambo ya ngazi.

Mama alikuwa ameanza kupumzika akipanda. Alipanda ngazi nne, akakaa. Akapanda nyingine nne. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu vya raba vilimwachia alama ya duara kifundoni, nami nikasema ni baridi, nikasema ni safari ya Kariobangi, nikasema ni umri. Asubuhi moja Shem alisahau penseli yake ya kuchorea mbao, akarudi kuichukua, akamkuta mama ameketi katikati ya ngazi. Ngazi zetu ni nyembamba. Kumpita maana yake ni nguo yake iguse nguo ya mama mkwe. Basi akarudi chini, akajifanya anaukagua mfereji. Alisimama pale chini, ananiambia, mpaka maji ya akina mama watatu yakajaa, na mama bado ameketi, kichwa kimeegemea ukuta, hajui kuna mtu anayemsubiri. Shem alikwenda kazini bila penseli.

Jioni yake alichukua kamba akapima chumba. Akapima dirisha, kisha akapima ukuta chini ya dirisha. Nilimwuliza anatafuta nini.

"Nyumba ya mama," alisema.

Msimamizi wa ploti alikuwa anaitwa Njoroge, mtu wa Murang'a, mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikuja akasikiliza huku akitikisa kichwa.

"Baba Linet, unataka kutoboa ukuta wa wenyewe?"

"Nataka kutoa dirisha niweke mlango. Ndani nitakata chumba kwa plaiwudi. Mama mkwe akae upande wake, mimi na mama Linet upande wetu. Kila mtu na mlango wake."

"Na landlodi akikuja?"

"Atakuta mlango mzuri kuliko wote kwa hii ploti."

Njoroge alifikiri. "Unajua mama mkwe wangu alikuja mwaka jana," alisema. "Ilibidi mimi nilale kwa stoo ya makaa siku sita. Nilitoka huko nikiwa mweusi hivi mpaka mbwa ikanibwekea." Akazichezesha funguo zake. "Mimi Jumapili niko kanisa asubuhi mpaka jioni. Sitaona kitu. Lakini usiangushe gorofa."

Jumapili ile Shem na fundi mwashi mmoja walibomoa ukuta chini ya dirisha. Nilikaa koridoni kwenye kigoda na kilemba changu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, majirani wakipita wanatoa ushauri. Kabati langu la harusi lilitoka siku hiyo. Alilibomoa mwenyewe, ubao kwa ubao, kwa sababu plaiwudi haikutosha, na mbao zake zikawa nguzo na kitanda cha mama. Nilidhani nitaumia kuliona likibomolewa. Nilichokiona ni jinsi alivyokuwa akitoa misumari bila kuipinda, aliyoipigilia mwenyewe tukiwa bado hatuna mtoto.

Chumba cha mama kilikuwa na upana wa futi tano. Kitanda cha mbao ukutani, chini yake droo mbili, juu yake rafu ya Biblia na taa. Misumari mitatu ya nguo. Mlango wake ulikuwa na kioo sehemu ya juu, ili mwanga uliokuwa wa dirisha usipotee, na juu ya plaiwudi Shem aliacha nafasi ya shibiri mbili ili mwanga huo utufikie na sisi. Usawa wa kichwa cha kitanda changu alikata kidirisha kidogo chenye bawaba, kinachofunguliwa kutoka upande wa mama pekee. Mimi nilishona pazia lake. Ndilo la kwanza kulishona tangu nikatwe, kwa mkono mmoja na nusu, na lilichukua siku nne.

Mama aliletwa na shangazi. Hakutaka kuelezwa kwa maneno. Alitoka koridoni, akaingia kwa mlango wake, akaufunga. Tukamsikia anapapasa plaiwudi kutoka juu hadi chini. Akatoka tena, akatazama mlango wetu, akatazama wake, akaingia tena. Kisha kidirisha kikafunguka na mkono wake ukatokea kando ya uso wangu, ukanishika shavu.

"Hii ni nyumba nyingine," alisema.

Jioni ile ile, tukiwa tunakula kila mtu upande wake, sauti yake ilipita juu ya plaiwudi.

"Mkwe."

Shem aliacha kijiko. Katika miaka kumi na mitano hakuwahi kuitwa na mama moja kwa moja. "Naam, mama."

"Umeipiga randa vizuri. Hakuna mahali panapochoma mkono."

"Asante, mama."

Ikawa desturi. Kwa sababu hawaonani, waliweza kuongea. Mama aliniambia mimi nilale, kisha wakazungumza habari za mvua ya nyumbani, bei ya mahindi, ni mti gani unaofaa mpini wa jembe. Mama alimfundisha Shem mambo yangu ya utotoni ambayo sikutaka ayajue. Nilikuwa nalala katikati yao nikisikia sauti hizi mbili, na naweza kusema kwamba hizo ndizo siku nilizokuwa na furaha kuliko zote tangu tutoke Umoja, ingawa sikuwa na nywele wala kucha.

Lakini ukuta wa plaiwudi hausitiri. Mama alipokuwa akilala Kariobangi alikuja kwangu ameshafuta uso. Sasa nilisikia kila kitu. Nilimsikia akikohoa kikohozi kidogo kinachorudi rudi. Nilimsikia akiinuka kuketi kwa sababu akilala chali pumzi ilimkimbia. Nilimwuliza. Akasema ni vumbi la ukuta mpya. Nikalikubali vumbi. Mwezi wa nane nilianza mionzi, kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, na ngozi yangu ikaungua ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria, na mkono ukavimba, na umeme ukipotea hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa kumi tusifanyiwe chochote. Nilikuwa nimezoea kwamba mgonjwa ni mimi. Hapo nilikosea kuliko kwa kitanda, na hili halikatwi kwa msumeno.

Mionzi iliisha mwisho wa mwezi wa tisa. Daktari alinipa mkono. Mama alimpa na yeye, kwa mikono miwili, na tukatoka tukitembea polepole chini ya miti ya jakaranda iliyoanza kumwaga maua ya zambarau. Alisema atarudi nyumbani Jumanne ijayo. Nilimwambia akae mpaka Krismasi. Akasema, "Mtu hakai kwa mkwe mpaka anazoeleka."

Jumamosi asubuhi nilisikia kijiko kinagonga plaiwudi. Kidirisha kilifunguka, lakini mkono haukutokea.

"Rispa," alisema. "Siwezi kuinuka."

Nilitoka mbio nikaingia kwa mlango wake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imegeuka rangi, jasho limelowanisha kanga. Nilijaribu kumwinua kwa mkono wangu mmoja, tukaanguka wote wawili kitandani. Shem alikuwa nyumbani, ananoa misumeno. Alikuja mpaka kizingitini akasimama. Niliona miguu yake inataka kuingia.

Mama naye aliiona. "Mkwe, usiingie," alisema, na pumzi haikutosha kumaliza.

"Siingii, mama," alisema Shem. Alikuwa tayari ameshika bisibisi. "Natoa mlango tu."

Alitoa skrubu za bawaba zote tatu, na sijawahi kuona mtu akifanya kazi haraka namna ile bila kutetemeka. Aliulaza mlango koridoni, akautandika blanketi letu, akarudi nyuma akapiga kelele kuita watu. Mama Wambui wa chumba cha pili na wanawake wengine wawili waliingia, wakambeba mama, wakamlaza juu ya mlango wake mwenyewe. Hapo sasa Shem alikuja. Alishika mlango upande wa kichwa, Njoroge na jirani mmoja wakashika upande wa miguu. Yeye hakumbeba mama mkwe. Alibeba mlango. Na ngazi zote mbili, nyembamba kama zilivyo, alishuka ameugeuza uso wake ukutani ili asimwone amelala, akipapasa kila kidato kwa kisigino. Mama alikuwa amefumba macho, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa ule ubao, na ninaamini alijua ni nani aliyeshika upande wa kichwa.

Pikapu ya jirani ilitufikisha, na mlango wake, hospitali ile ile. Daktari alikuwa kijana. Alisikiliza kifua chake, akabonyeza miguu yake, shimo la kidole likabaki pale pale. Alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Akaniuliza, si kwa ubaya, kwa nini hatukumleta mapema.

"Amekuwa hapa," nilimwambia. "Amekuwa akija hapa tangu mwezi wa tatu."

Alidhani sijaelewa swali. Nilikuwa nimelielewa. Miezi saba mama alikaa kwenye benchi za hospitali ile, mlango kwa mlango na madaktari, amekumbatia faili lenye jina langu, na hakuna aliyemwuliza chochote, na wa kwanza ambaye hakumwuliza ni mimi. Alifariki siku ya nne, saa za kubadilisha zamu, mimi nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa na mipira. Hakuniachia maneno. Aliniuliza tu kama nimekula.

Shem aliurudisha mlango siku hiyo hiyo. Ulikuwa umebaki kwenye kona ya mapokezi siku zote nne, umeegemezwa ukutani, na mlinzi wa geti alitaka kujua ni wa wodi gani. Shem alimwambia ni wa nyumbani. Aliubeba kichwani kwa miguu, akakatiza mji, akapita soko la Burma ambapo watu walimtania wakamwuliza anahamia wapi, mpaka Huruma. Hakuutundika mpaka tuliporudi kutoka mazikoni.

Ulitaka kujua niliugulia wapi, dada yangu wa kwenye benchi. Niliugulia hapo, futi kumi kwa kumi na mbili, na bado tunakaa hapo. Geuza kitanda ili mkono mzima uwe nje. Uza kabati. Toa jiko koridoni. Na yule anayekubebea faili, mwambie avue viatu umtazame miguu, hata kama wewe ndiye unayeumwa.

Linet akifunga shule analala upande wa mama. Mchana, mimi hushonea humo mapazia, machache, kwa kadiri mkono unavyokubali, kwa sababu ndiko kuna mwanga. Shem angeweza kubomoa plaiwudi tupate nafasi, na mara moja nilimwambia afanye hivyo. Alichukua nyundo, akaizungusha mkononi, akairudisha sandukuni. Kuna siku anahitaji kitu kilicho upande ule, mkasi au kipande cha kitambaa, na mimi nipo ndani, na mlango uko wazi kabisa. Haingii. Anasimama koridoni, anapiga hodi mara mbili kwenye ubao, anangoja kidogo huku akitazama chini.

Mimi ndiye humwambia karibu.